Taa za Gari Jekundu la Sista Perpetua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sanduku la glopu mbovu. Nilikuwa nimetoka Temeke kwa miguu tangu alfajiri, nimenyoa, nimevaa shati la sikukuu, na njia nzima nilijiona nimeshika spana chini ya gari la kifahari. Gereji yenyewe ilikuwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, karibu na reli, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Mistri, ndivyo tulivyomwita fundi mkuu wa umeme, hakuniuliza hata jina. Alinisukumia lile sanduku kwa mguu.

"Humo zimo nzima na zimo zilizokufa," alisema. "Zitenge. Halafu kila iliyokufa uniambie imekufa kwa ugonjwa gani."

Mistri alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cheupe, na ndevu zake alizifunga kwa wavu zisije zikanaswa na mashine. Alizaliwa Tabora, ambako baba yake alifanya kazi ya reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Akikasirika aligombeza kwa Kinyamwezi. Sisi watu wa pwani tulikuwa hatuelewi neno, lakini tulijua tumetukanwa.

Nilikaa na sanduku lile mpaka adhuhuri. Yeye akipita ananyanyua glopu moja na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya glopu, vijana wangu, mna uzi mwembamba wa madini, na huo ukipitiwa na umeme ndio unaowaka. Ukikatika mkato safi, gari limetikiswa sana na barabara. Ukiyeyuka na kuacha kitone nchani, umeme ulizidi. Kioo kikiingia weusi kwa ndani kama chungu, hiyo imekufa kwa uzee, hakuna wa kulaumiwa. Na ukiona unga mweupe, jua kioo kina ufa na hewa imeingia. Nilipomaliza, Mistri alikagua mafungu yangu, akaguna, akasema, "Kesho njoo na nguo mbovu. Shati hilo ni la harusini."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Juu ya Mistri alikuwapo Bwana Meneja, Mwingereza mrefu aliyetoka jeshini, na Kiswahili chake alikitoa jeshini vilevile. "Kazi iko safi?" ndiyo iliyokuwa salamu yake asubuhi na jioni, nasi tulijibu "Iko safi, Bwana," hata kama gari lilikuwa vipande vipande sakafuni. Pembeni alikuwapo Karani wa Stoo, mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mpenda vitu vikubwa. Ukimwomba msumari alikupa bolti. Kwa maoni yake hakuna kitu duniani kilichoharibika kwa kuzidi nguvu.

Kutoka kwenye glopu nilipelekwa chumba cha betri, nikajifunza kupima maji ya asidi bila kutoboa suruali. Nilizitoboa kadhaa kwanza. Baadaye nikapewa meza ya dinamo. Dinamo ni mashine inayozungushwa na injini ili itengeneze umeme wa gari. Injini ikienda mbio dinamo inashiba, ikienda polepole inalia njaa. Mwisho Mistri akanikabidhi kazi ya taa, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Injini ikitengenezwa unasikia mlio tu. Taa ikitengenezwa unaona mbele ya macho yako kazi yako imefika wapi.

Nilikuwa nimeshaanza kuitwa Fundi Shomari, na nimeshaoa, siku Sista Perpetua alipoingia gereji na lile gari jekundu.

Sista Perpetua hakuwa mtawa. Wauguzi wote tuliwaita masista, na yeye alikuwa mkunga wa zahanati ya Temeke, mama wa makamo kutoka Bukoba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Wanawake waliokuwa wakiendesha gari mjini siku hizo ulikuwa ukiwaona wachache mno, na wa Kiafrika mie sikuwa nimemwona hata mmoja. Daktari aliyekuwa mkubwa wake alipokwenda zake kwao Ulaya, alimwachia gari lake. Lilikuwa gari dogo la michezo, la kabla ya vita, la viti viwili tu. Halina paa ila turubai, pua ndefu, magurudumu ya spoku kama baiskeli, na mbele taa mbili kubwa za mviringo zilizotuna kama masufuria. Liliundwa kwa ajili ya vijana wa Kiingereza kukimbizana. Temeke tulilipa jina la Panzi.

"Shikamoo, Sista," nilimwamkia.

"Marahaba, Fundi. Gari langu limekuwa kipofu. Jioni ya juzi nimeitwa Mtoni, nimeingia mtaroni. Nimefika kwa mama yule nimechelewa, nimekuta bibi yake ameshampokea mtoto. Wazima wote, Mungu alisaidia. Lakini mie mwenyewe nilitetemeka mpaka asubuhi. Nitafutie glopu zenye nguvu."

Siku hiyo Mistri hakuwapo, na Karani wa Stoo aliposikia neno "nguvu" alifurahi kama aliyeitwa kwa jina. Alileta glopu za lori, nzito, zenye wati karibu maradufu ya zile za asili. Nikasema tumsubiri Mistri. Karani akasema, "Sista ana wagonjwa, we unamsubirisha?" Sista mwenyewe akasema tia. Basi zikatiwa. Tulipowasha mle ndani ya gereji, ukuta wote uling'aa, Karani akapiga makofi, na Bwana Meneja akatoa kichwa ofisini kwake kuuliza kama jua limeingia.

Mwisho wa juma lile nilikuwa barazani kwangu Temeke, magharibi imeingia, niliposikia ngoma ya mdundiko ikija. Mdundiko ni ngoma yetu Wazaramo ya kutembea njiani, watu wanacheza huku wanasonga mbele. Nikatoka kuangalia. Katikati ya wachezaji, likisukumwa kwa mapigo ya ngoma, lilikuwa linakuja Panzi, taa zimezimika kabisa, na Sista Perpetua ameketi nyuma ya usukani wima kama bibi harusi. Wanawake walikuwa wameshamtungia wimbo. Nakumbuka kiitikio chake kilisema panzi amekula nyasi nyingi kavimbiwa.

"Fundi Shomari!" alinipigia kelele juu ya ngoma. "Glopu zako zimekula betri yote! Na kabla hazijaila zilikuwa zinamulika minazi! Nimeona makuti yote ya Temeke, barabara sijaiona!"

Watu walicheka mpaka ngoma ikapoteza mapigo. Nilicheka na mie, nikashika nyuma ya gari, tukalisukuma mpaka kwake.

Asubuhi ya Jumatatu Mistri alilikuta Panzi gereji, Sista kalileta likivutwa kwa kamba, akatoa glopu moja ya lori, akaitazama, akamtazama Karani wa Stoo, akasema maneno marefu ya Kinyamwezi. Kisha akaniita mie na Sista tukasimama mbele ya gari.

"Shomari," alisema, "mtu akija kutaka taa, swali la glopu gani ni letu sisi. Muulize anataka kuona nini."

Nikamuuliza. Sista akafikiri kidogo, akainua vidole vyake kimoja kimoja.

"Nataka kuona ukingo wa barabara wa kushoto, maana huko ndiko kwenye mtaro. Nataka kuona mashimo. Nataka kuona mbuzi na watoto. Mbali sina haja nako. Mchanga wa njia ya Mbagala Panzi anaupita kwa mwendo wa mtu mzima."

Mistri alitabasamu ndani ya ndevu zake. Jibu lile lilikuwa limetufanyia nusu ya kazi. Mtu anayekimbia kwenye lami anahitaji mwanga mrefu na mwembamba. Huyu anayekwenda polepole anahitaji mwanga mfupi na mpana, tena usiokula sana, kwa kuwa mwendo wa polepole ndio unaoiacha dinamo na njaa. Kwenye dashibodi ya gari lile palikuwa na saa ndogo ya umeme yenye sindano. Sindano ikilala kulia, betri inaingiziwa. Ikilala kushoto, inanyonywa. Kwa glopu za lori sindano ilikuwa ikilala kushoto na kubaki huko huko.

Tulipanga mezani glopu za aina tatu. Ya kwanza zile za lori, ambazo Mistri aliziweka mbali kabisa kwa kuzionea haya. Ya pili za kioo cha manjano, fasheni ya Wafaransa, ambazo husifiwa kwa ukungu. Lakini rangi ile hunywa sehemu ya mwanga, na Temeke ukungu tunausikia kwa watu wa Lushoto. Ya tatu zilikuwa na wati zilezile za asili, thelathini na sita, ila uzi wake haukunyooshwa. Ulisokotwa kama springi ndogo, ukakaa mahali pamoja, hivyo mwanga ulitoka umekusanyika. Macho yangu na ya Mistri yalikutana juu ya hizo.

"Hizi hazina tofauti na nilizokuja nazo," Sista alisema.

"Za kwanza hazikuwa na kosa, Sista," nikamwambia. "Zilikuwa zimezeeka tu, na nyumba yao ilikuwa chafu. Njoo uone."

Nikafungua taa. Nyuma ya glopu hukaa sahani ya chuma iliyong'arishwa kwa fedha, na hiyo ndiyo inayorudisha mwanga mbele. Sahani za Panzi zilikuwa zimefifia, fedha imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Kwa sahani iliyochafuka kidogo tulikuwa tukitumia masizi laini ya kibatari tuliyoyalowesha spiriti, tunapitisha kwa pamba bila kukandamiza. Hizi zilikuwa zimevuka hapo. Nikazipeleka uhindini kwa sonara, mzee aliyezoea kutia fedha bangili na mikufu. Alizigeuza mkononi akaniuliza ni sahani za kulia nini. Nilipomweleza, aliwaita wanawe wote waje kuzitazama, akazitia fedha kwa uangalifu kama vyombo vya harusi.

Nami nikabadilisha waya. Waya za zamani zilikuwa nyembamba na zimeoza ndani ya mpira, umeme mwingi ulikuwa unaishia njiani. Nikasugua kwa msasa mahali ambapo waya wa kurudi unafungwa kwenye chuma cha gari, maana kutu pale ni sawa na mlango uliofungwa. Siku sonara alipomaliza, tukarudisha sahani, tukatia glopu za uzi wa springi, ikabaki kazi ya mwisho ambayo haifanyiki mchana.

Temeke palikuwa na ghala lenye ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Jua lilipozama tulilisimamisha Panzi mbele yake, tukachora mstari wa mkaa ukutani. Mistri mwenyewe alikuja, jambo ambalo hakuwa akifanya. Nyuma ya taa zile za zamani palikuwa na skrubu ya kuisogeza glopu mbele na nyuma ndani ya sahani. Uzi usipokaa kwenye kitovu cha sahani, mwanga unatawanyika juu kama ulivyomulika minazi. Nikaanza kuzungusha taratibu. Ukutani doa la mwanga lilikuwa kubwa, halina umbo, likaanza kujikusanya, likapungua, kisha ghafla likakaa: pana, sawa, limelala chini ya mstari kama mkeka.

"Hapo!" Mistri akapaza sauti. "Usiguse tena! Hata ukipiga chafya, geukia kule!"

Nusu ya Temeke ilikuwa imekusanyika. Watoto walikimbilia ukutani wakafanya vivuli vya sungura na ngamia. Bibi mmoja jirani yangu akazunguka mbele ya Panzi, akainama akazitazama taa zile mpya, akamwambia Sista, "Gari lako leo limepaka wanja." Sista Perpetua akacheka kile kicheko chake cha kwaya.

Mwanahawa, mke wangu, alikuwapo pale ukutani, mimba yetu ya kwanza imeshachungulia. Miezi ilipotimia alikwenda kwa mama yake Mbagala, kama desturi ilivyo kwetu. Nikawa nafanya kazi Gerezani na kila jioni napanda baiskeli kwenda kumwangalia.

Jioni moja ya masika nilifika nikamkuta mkwe wangu mlangoni, kanga ameifunga kiunoni. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mtoto anatanguliza miguu," alisema. "Mie hapa nimefika mwisho wangu. Kamlete Sista."

Sijui nilifikaje Temeke. Najua mvua ilikuwa ikinyesha na adhana ya magharibi ilinikuta njiani. Sista alikuwa anakula. Aliosha mkono, akachukua mkoba, akasema, "Baiskeli iache. Panda."

Nilikuwa nimetengeneza taa nyingi kufikia siku hiyo, lakini sikuwahi kuketi nyuma ya kazi yangu nikiwa na haja nayo. Sista aliwasha. Barabara ikatokea. Sikuona mbali, ila vilivyohitajika niliviona vyote: ukingo wa kushoto, majani yaliyolala kwa mvua, shimo, jingine, mbuzi aliyesimama kama askari. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa ajili ya Mwanahawa, na huku jicho moja likawa halitoki kwenye ile sindano ya dashibodi. Ilikuwa imesimama katikati. Betri ilikuwa haiingiziwi wala hainyonywi.

Karibu na Mbagala Sista alikanyaga breki. Mbele yetu maji yalikuwa yameila barabara upande wa kushoto, kipande kizima kimekwenda, na lile pengo lilianza pale pale mwanga wetu ulipoishia kwa upana. Mwanga mwembamba wa mwendo kasi ungepita juu ya pengo lile. Sista alirudi nyuma kidogo, akakata kulia akaingia shamba la mihogo la watu, tukapita tukiangusha mashina, tukatoka upande wa pili.

Tulipofika, mkwe wangu alikuwa na chemli moja, utambi unavuta mwisho wa mafuta. Sista aliingia, akakaa muda mfupi, akatoka.

"Chemli ile siwezi kugeuzia mtoto. Lete gari uani, lielekeze mlangoni, washa taa. Injini isizimike." Kisha akaninyooshea kidole. "Na wewe usitazame ndani. Tazama saa yako ya umeme."

Nililigeuza Panzi uani kwa mkwe wangu, kuku wakaruka huku na huku, mwanga ukaingia mlangoni ukajaza chumba kile cha udongo mpaka kwenye boriti. Mkwe wangu akatundika kanga pembeni kunikinga macho. Nikakaa na mguu kwenye pedeli ya moto. Gari likiwa limesimama, dinamo inataka injini iongezwe kidogo tu. Ukizidisha unamaliza petroli, ukipunguza sindano inaanza kulala kushoto. Mvua ilinipiga mgongoni. Niliisikia sauti ya Mwanahawa, na sauti ya Sista ikimwongoza, tulivu, kama mtu anayemwelekeza mwenziwe kupita njia aliyoizoea. Sindano ikiyumba, naongeza. Ikitulia, natulia. Sijapata kumwomba Mungu namna ile, jicho kwenye sindano na mguu kwenye pedeli.

Mara kukawa kimya. Halafu kilio, kidogo, cha hasira. Halafu vigelegele vya mkwe wangu, yeye asiyekuwa na maneno, vikaamsha majirani wote.

Sista akajitokeza mlangoni, amejikinga uso kwa mkono.

"Zima sasa, Fundi! Binti yako anataka kufumbua macho, taa zako zinamzuia!"

Nilizima. Nilibaki nimekaa kwenye giza na mvua, nacheka na kulia pamoja.

Asubuhi nilifika gereji nimechelewa, nguo zimekauka mwilini. Mistri alinisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Sindano ilisimama wapi?" akauliza.

"Katikati, Mistri. Muda wote."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akavuta pumzi. Ndipo akauliza, "Mama mzima? Mtoto je?" Nilipomwambia wazima wote, akaondoka bila ruhusa ya mtu, akarudi na kikapu cha laddu, vile vitamu vya Kihindi vya mviringo, akagawa mpaka kwa Bwana Meneja. Bwana Meneja akanipa mkono akasema, "Kazi iko safi." Karani wa Stoo alitangaza kwamba angenipa glopu za lori mtoto angezaliwa anasoma. Kwa kelele za kicheko kile hata Mistri alishindwa kununa.

Baada ya hapo nilihamia karakana ya Serikali, nikawa msimamizi wa chumba cha umeme, nikafundisha wengine kutenga glopu kwa magonjwa yao. Sista Perpetua alihamishiwa kwao Bukoba. Panzi alisafirishwa kwa treni na kisha kwa meli ya ziwani, na nasikia huko nako walilipa jina lao. Mistri alimaliza siku zake hapa hapa Dar es Salaam. Kwa dini yao maiti huchomwa moto, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba kuni.

Nilistaafu nikiwa nimejenga Kinondoni. Karakana walinipa kiti cha kuegemea, kizuri, ambacho kimekaliwa zaidi na wajukuu kuliko mie. Vijana wa siku hizi mna glopu ambazo sie hatukuziota, nyeupe mpaka zinauma macho, na mkija kwangu swali lenu la kwanza ni ipi kali zaidi. Siwalaumu. Ila nawaomba mkae kwanza kwenye kiti cha dereva, mjue mwendo wake, barabara yake, wakati wake, ndipo mfungue boksi la glopu. Ufundi wangu wote, ukiuminya, unatoka hapo. Mengine ni msasa na uvumilivu.

Jumamosi iliyopita jirani alikuja na gari lake la zamani, taa moja inatazama chini, ya pili inatazama dirisha la watu. Nikaanza kutafuta bisibisi. Mwanahawa alikuwa anachambua mchele, akainua uso.

"Wewe si umestaafu?"

"Nimestaafu mshahara," nikamjibu.

Akacheka, akaweka ungo chini, akaenda kuniletea miwani.